Poka: Mpinzani Anapotia Dau Bila Kuangalia Karata

Mchezaji anayepandisha dau kabla ya kuangalia karata zake, kihesabu, anagawa chipu. Hajui anachokitetea. Hata hivyo meza nyingi humwacha aondoke na rundo kubwa kuliko alilokaa nalo, na sababu haitafutwi mbali: wenzake humwogopa wakati bado hajaangalia, kisha humdharau wakati tayari ameangalia. Karibu kila kosa lililoelezwa hapa chini linatokana na kuchanganya nyakati hizo mbili.

Maelezo haya ni ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, mchezo ambao kila mtu hupewa karata mbili zake na tano hufunguliwa mezani kwa wote. Mifano inatumia blaindi (madau mawili ya lazima yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa): ndogo ya 1, kubwa ya 2, na kila mtu ana chipu 200, isipokuwa pale panapotajwa vingine. A ni ree, K mfalme, Q malkia, J jeki. Aina ni alama ya karata, kama kopa. Mkono ni karata alizo nazo mchezaji, au mchezo mmoja tangu kugawa hadi kitita kuchukuliwa. Kitita ni chipu zote zilizo katikati ya meza.

Kabla ya tiba: ni dau la gizani la aina gani?

Watu husema "yule anacheza gizani" wakimaanisha mambo manne tofauti, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine.

La kwanza ni kupandisha bila kuangalia: zamu yake inafika, karata ziko mezani hazijaguswa, anasukuma chipu 8. La pili ni stradeli, yaani dau la hiari linalowekwa kabla ya karata kugawiwa, kwa kawaida mara mbili ya blaindi kubwa, na mtu aliye kushoto mwa blaindi kubwa. La tatu ni dau, au kupitisha (kuacha zamu bila kuweka dau), kunakotangazwa kabla ya flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, kufunguliwa. La nne halina giza lolote: mtu ameangalia karata zake vizuri, ila anapandisha kila anapoona blaindi zako hazina mlinzi. Huyo wa nne ndiye hatari zaidi kati ya wote, na ndiye anayechanganywa mara nyingi na wa kwanza.

Mezani ana kwa ana, njia ya kuwatenganisha ni kutazama mikono yake wakati karata zinagawiwa. Acha zako zilale mpaka zamu yako ifike; hazitabadilika. Wapo wanaoinua pembe ya karata kwa kidole gumba kisha wanatangaza kwa sauti kwamba hawajaona kitu. Kama hukuona mwenyewe kwamba hakugusa, mchukulie kuwa ameangalia.

Kwenye intaneti huwezi kuona mikono, kwa hiyo hesabu mfululizo. Mchezaji wa kawaida anayepandisha asilimia 20 ya karata zake ana uwezekano wa karibu 3 kati ya 10,000 wa kupandisha mara tano mfululizo. Ukiona mara tano, mtu huyo hachagui. Hilo halithibitishi kwamba haangalii. Linathibitisha tu kwamba wigo wa karata zake ni mpana mno, na kwa uamuzi wa kabla ya flopu hilo linakutosha.

Dalili: umempandishia tena, ukakutana na karata nzito za mtu wa tatu

Hili ndilo tatizo la kwanza la anayejifunza kurekebisha mchezo wake. Ameona mpinzani hajaangalia, amepata A na 8, akapandisha juu yake, na aliyekaa kiti cha nyuma akasukuma rundo zima akiwa na Q mbili.

Chanzo ni kuhesabu mpinzani mmoja wakati meza ina kadhaa. Aliyepandisha gizani ana karata zozote kati ya michanganyiko 1,326, lakini walio nyuma yako wameangalia zao. Chukua karata nzito tu: jozi za 10 hadi A, pamoja na AK na AQ. Hiyo ni michanganyiko 62, karibu asilimia 4.7. Kama watu watano bado hawajacheza, uwezekano kwamba angalau mmoja ameshika kitu cha namna hiyo ni karibu asilimia 21, yaani mara moja katika kila tano. Wakiwa wawili tu, unashuka hadi 9 hivi.

Marekebisho basi yanategemea idadi ya watu walio nyuma yako. Wakiwa watano, pandisha tena ukiwa na jozi ya 8 na kwenda juu, A na 10 au zaidi, na KQ. Wakiwa wawili au mmoja, jozi yoyote kuanzia 5, A yoyote, K na 9, Q na 10 zinatosha. Ukibaki peke yako naye katika blaindi kubwa, naye amepandisha hadi 8, unalipa 6 kufuata kitita chenye 11, hivyo unahitaji kushinda asilimia 35 tu. Hata 7 na 2 za aina tofauti, karata zinazochekwa kila mahali, hushinda karibu asilimia 35 dhidi ya karata za kubahatisha. Usizicheze, kwa sababu utatangulia kuamua baada ya flopu na yeye atakuwa ameshaangalia; lakini jua kwamba kutupa J na 7 hapo ni kugawa chipu.

Kiasi nacho kina kosa lake. Wengi hupandisha kidogo, tuseme kutoka 8 hadi 14, wakidhani wanaokoa chipu endapo wa nyuma ataamka. Matokeo yake blaindi kubwa analipa 12 kufuata kitita cha 25, na mwenye dau la gizani analipa 6 tu. Wote wanakuja. Pandisha hadi 24 au 28. Ukiweka 26 na yeye akaamua kufuata, analipa 18 kwenye kitita cha 37, bei ambayo inahitaji asilimia 33. Ameifuata mara nyingi akiwa na karata zisizokuwa na thamani hiyo mbele ya zako. Walio katikati ndio unaotaka waondoke, na kwa bei hiyo wengi wataondoka.

Kwa nini uwatoe? Tazama A mbili. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata za kubahatisha zinashinda asilimia 85. Dhidi ya wawili, 73. Watatu, 64. Wanne, 56. Kufuata tu dau lake la 8 "ili nisimtishe" na kukaribisha wengine watatu ni kuuza sehemu ya karata bora za mchezo huu kwa bei ya kutupa.

Dalili: anasukuma rundo zima bila kuangalia, nawe umeganda

Hii ni kesi nyepesi kuliko zote, na kuganda ni hofu tu. Akishaweka zote hakuna uamuzi mwingine utakaofuata, hakuna kiti kizuri wala kibaya, hakuna kusoma uso. Kilichobaki ni sehemu.

Ana chipu 40, anazisukuma bila kugusa karata. Wote wametupa, wewe uko blaindi kubwa. Unalipa 38 kupata kitita cha 43. Gawanya 38 kwa 81: unahitaji asilimia 47. Dhidi ya karata za kubahatisha, hizi ni nambari za kukariri, kwa kukadiria:

- A mbili 85, K mbili 82, Q mbili 80, J mbili 77, 10 mbili 75
- 9 mbili 72, 8 mbili 69, 7 mbili 66, 5 mbili 60, 2 mbili 50
- AK za aina tofauti 65, KQ 61, A na 2 karibu 55
- Q na 7 za aina tofauti karibu 52
- 6 na 5 za aina moja hazifiki 50, hata zikivutia macho

Kwa hiyo unafuata ukiwa na jozi yoyote, A yoyote, K yoyote, Q kuanzia na 4, J kuanzia na 7, 10 kuanzia na 8. Mstari wa mwisho wa orodha unastahili kurudiwa: karata ndogo zinazofuatana hupata thamani yake kutokana na kumshangaza mtu baada ya flopu, na hapa baada ya flopu hapana kitu cha kufanya. Namba kubwa ndiyo inayoshinda.

Ukiwa blaindi ndogo na blaindi kubwa bado hajacheza, kaza kidogo. Ukiwa mashindanoni karibu na nafasi za kulipwa, kaza zaidi, kwa kuwa chipu unazopoteza pale zina uzito kuliko unazopata.

Dalili: kabla ya flopu mambo ni mazuri, baada ya flopu vitita vikubwa vinakwenda kwake

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chanzo cha kwanza: ameangalia. Umepandisha hadi 26, akainua karata zake, akatafakari, akafuata. Tangu sekunde hiyo wigo wake umepungua. Ametupa 9 na 3, ametupa 7 na 2, amebaki na jozi, A, na karata kubwa. Bado ni dhaifu kuliko wako, ila hesabu ya "karata za kubahatisha" imekufa. Na akiinua karata kisha akapandisha juu ya 26 yako hadi 70, mara nyingi amekuta kitu kweli: alianza gizani, akaamua mwangani. Wanaompelekea rundo lote hapo wakiwa na A na 10 "kwa sababu hakuangalia" wanalipia habari ya dakika moja iliyopita.

Kipo kighairi: mtu anayepandisha mara ya pili bado bila kuangalia. Huyo arudishwe kwenye orodha ya hapo juu.

Chanzo cha pili ni uwiano wa rundo na kitita. Uligawanye rundo dogo kati yenu kwa kitita kilichopo flopu inapofunguka. Katika mfano wetu, 26 na 26 na blaindi 3 ni kitita cha 55, na kila mmoja amebaki na 174. Uwiano ni 3 na kidogo. Kwenye uwiano huo, jozi ya karata kubwa kuliko zote mezani ukiwa na karata nzuri ya pembeni ni mkono wa kumaliza nao rundo. Usiutupe karata ya nne ya mezani inapotisha kidogo, bei ulishailipa.

Sasa linganisha na meza ambayo umefuata tu na wengine wawili wakafuata: kitita kina 32 na zaidi kidogo, marundo yana 192, uwiano ni 6 hivi, na kuna watu watatu dhidi yako. Jozi ileile ya juu sasa inastahili dau moja, labda mawili, siyo rundo. Mchezaji anayelalamika kwamba "jozi ya A inanifilisi mbele ya huyu jamaa" karibu kila mara ameicheza kwenye uwiano wa pili kana kwamba uko kwenye wa kwanza.

Chanzo cha tatu ni kumwogopa. Anatia dau flopu, anatia karata ya nne, anatia ya tano, nawe unatupa jozi ya pili, yaani iliyoungana na karata ya pili kwa ukubwa mezani, kwenye dau la tatu. Weka bei mbele ya macho: dau la nusu ya kitita linahitaji ushinde asilimia 25, la theluthi mbili 29, la kitita kizima 33, la mara mbili ya kitita 40. Mtu huyu anatia dau na karata zozote alizo nazo, na karata mbili zisizo jozi hukosa kupata jozi kwenye flopu karibu mara mbili katika kila tatu. Jozi yako ya pili inatosha sana kwa asilimia 33.

Ila angalia amefunga vipi mikono iliyopita. Wako wengi wanaotia dau flopu na karata ya nne kwa fujo, kisha wanapitisha karata ya tano kama hawana kitu. Kwa mtu wa namna hiyo, dau la tatu ni la kweli, na jozi ya pili itupwe. Hili hulipati kwa hesabu. Unalipata kwa kutazama karata zinapofunguliwa mwishoni, hata katika vitita ambavyo hukuwamo.

Dalili: unambabaisha, hatoki

Aliyekuja kutia dau gizani amekuja kucheza. Hakuja kutupa karata. Kumbabaisha, yaani kutia dau ukiwa huna kitu ili atupe karata, mtu ambaye nusu ya starehe yake ni kufuata ni kosa lenye chanzo kimoja tu: umeona ana karata dhaifu, ukadhani udhaifu unamfanya atoke. Mtu hutoka kwa sababu anajali, huyu hajali.

Geuza kazi. Yeye ndiye atie dau, wewe ufuate. Ukiwa na jozi ya kati, pitisha, mwache asukume, fuata. Ukiwa na mkono mzito, tia dau kubwa kuliko kawaida, hata kitita kizima, maana atafuata robo tatu ya kitita kwa karata zilezile ambazo angefuata nazo theluthi. Mitego ya kupitisha ukiwa na mkono mkubwa inafaa tu pale ambapo umehakikisha kwamba atatia yeye. Akizoea kupitisha nyuma yako, umepoteza mzunguko mzima wa dau bure.

Dalili: hujapoteza mkono wowote mkubwa, lakini rundo linaonekana fupi

Stradeli. Mpinzani anaweka 4 kila zamu yake inapofika, na mchezo wa 1 na 2 umegeuka bila mtu kutangaza. Chipu zako 200, zilizokuwa blaindi kubwa 100, sasa ni stradeli 50. Akija wa pili akaweka 8 juu yake, ni 25.

Makosa mawili yanafuata. La kwanza ni kuendelea kupandisha kwa kiasi cha zamani. Kupandisha hadi 6 juu ya stradeli ya 4 hakumfukuzi mtu yeyote. Anza na 12, ongeza 4 kwa kila aliyefuata tu mbele yako. La pili ni kuendelea kuthamini karata za zamani. Jozi ndogo hupata karata ya tatu ya namba yake kwenye flopu mara moja katika kila nane na nusu hivi. Wachezaji wengi hutaka rundo liwe mara 15 ya gharama kabla ya kuifukuzia, kwa kuwa hata ikija si kila mara utalipwa. Ukilipa 14 kutoka kwenye 200 hujafika hapo. Mifululizo midogo ya aina moja inaumia vivyo hivyo. A na K, jozi za kati na za juu, zinapanda thamani.

Kumbuka pia kwamba mwenye stradeli anacheza wa mwisho kabla ya flopu, lakini baada ya flopu anarudi kwenye kiti chake cha kawaida, wa tatu kuamua. Akipitisha tu bila kupandisha, karata zake ni za kubahatisha zote, pamoja na takataka ambazo hakuna mtu mwingine angeingia nazo. Flopu ya 7, 5 na 2 inampendeza yeye kuliko wewe mwenye AK. Flopu ya K na karata mbili ndogo ni yako.

Si kila chumba cha poka kinaruhusu stradeli, na vinavyoruhusu vinatofautiana: vingine hukubali iwekwe kutoka kiti cha mgawaji, na hapo mpangilio wa zamu hubadilika. Uliza kabla ya kukaa.

Dalili: ametia dau kabla ya flopu kufunguliwa, nawe umekosa kila kitu

Kitita kina 40, ametangaza 20 gizani, flopu imekuja K, 8 na 3 za aina tatu tofauti. Dau hilo halina uhusiano wowote na karata hizo tatu. Kama aliangalia zake mwanzoni, wigo wake ni uleule wa kabla ya flopu. Kama hajaangalia hata sasa, ni karata zozote.

Ukiwa na jozi yoyote inayohusiana na meza, pandisha hadi 60. Ukiwa huna kitu, kupandisha hadi 60 ni kuhatarisha 60 kupata 60, unahitaji atoke nusu ya mara. Dhidi ya mtu ambaye akipandishiwa huangalia na kutupa alipokosa, flopu kavu kama hii inakulipa. Dhidi ya yule asiyetupa, rudi kwenye sehemu ya kubabaisha. Flopu ya 9, 8 na 7 zenye kopa mbili iache; karata za kubahatisha hujishikiza hapo kwa njia nyingi mno.

Kupitisha gizani kuna mtego wake. Akisema "napitisha" kabla ya flopu, wengi hulisikia neno hilo kama udhaifu na kutia dau. Halina maana yoyote. Anaweza kuwa amepata karata tatu za namba moja. Tia dau kwa ulichonacho, au chukua karata ya nne bure, lakini usilipie kusikia neno ambalo lilisemwa kabla hajaona kitu.

Dalili: blaindi zako zinaliwa kila mzunguko

Huyu ndiye wa aina ya nne, mwenye macho wazi. Anapandisha hadi 5 kutoka kiti cha mgawaji kila nafasi ikitokea. Anahatarisha 5 kupata 3, hivyo anahitaji nyote wawili mtupe asilimia 62.5 ya mara ili asipoteze, hata kama karata zake ni karatasi tupu. Akipandisha hadi 6, anahitaji 67. Kama blaindi ndogo anatupa asilimia 85 na wewe unatupa 80, anakula 68 kati ya 100 bila kuangalia chochote. Hahitaji kuwa na ujasiri, mnamlipa.

Katika blaindi kubwa unalipa 3 kufuata kitita cha 8, unahitaji asilimia 27. Fuata na jozi zote, A zote, K za aina moja, karata zinazofuatana za aina moja, na karata mbili za 10 na kwenda juu. Pandisha tena hadi 20 au 22 ukiwa na mikono yako ya juu, ukichanganya na A ndogo za aina moja kama A na 5: A moja mkononi mwako inapunguza uwezekano kwamba yeye ana AA au AK. Hapa kubabaisha kunafaa, tofauti na mbele ya mcheza gizani, kwa sababu mtu huyu ana karata za kutupa na anajua kuzitupa. Kutoka blaindi ndogo kufuata ni kubaya. Pandisha tena au tupa.

Mashindanoni, pale blaindi kubwa anapoweka ante (dau la ziada la lazima) ya kiasi sawa na blaindi yake kwa niaba ya meza, kitita cha mwanzo ni blaindi kubwa 2.5 badala ya 1.5. Akipandisha hadi 2.2 anahitaji mtupe asilimia 47 tu, nawe unahitaji asilimia 20 kufuata. Tetea kwa upana unaokukera.

Dalili: umefanya yote sawasawa na bado unapoteza

Inawezekana hakuna hitilafu. Mkono wenye asilimia 65 ukiwekwa mara tano, unashinda mara mbili au pungufu katika karibu robo ya majaribio. Kupoteza mara tatu mfululizo hutokea karibu mara 4 kati ya 100. Mpinzani wa aina hii huongeza ukubwa wa vitita, na upandaji na ushukaji huongezeka pamoja navyo. Kama una kanuni ya idadi ya marundo unayotenga kwa mchezo huu, ihesabu kwa stradeli, usiihesabu kwa blaindi.

Kagua mambo mawili kabla ya kulaumu karata. Je, umeanza nawe kutia dau gizani ili kumlipizia? Ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokiri, na linafuta faida yote mara moja. Je, yeye amebadilika? Dalili zake: anachukua muda kabla ya kupandisha, kiasi chake hakifanani tena, ametupa karata mara mbili mfululizo kutoka kiti ambacho alikuwa hakosi, au amepoteza nusu ya rundo na sasa anainua pembe za karata. Ukiona mawili kati ya hayo, rudi kwenye wigo wako wa kawaida mkono unaofuata.

Kiti

Kama kuna nafasi ya kuhama, kaa kushoto kwake, ili uamue baada yake na uweze kumpandishia kabla wengine hawajaingia. Wapo wanaopendelea kulia kwake: unapitisha au kufuata tu, anapandisha, meza nzima inajieleza, kisha zamu inakurudia wewe ukiwa wa mwisho. Inafaa pale anapopandisha kila mkono bila kukosa hata mmoja. Akikosa mitatu kati ya kumi, umeachwa mbele yake bila mpango, na baada ya flopu utatangulia kuamua usiku kucha. Kushoto ni bora, na kama kiti hicho kimekaliwa na mchezaji mzuri anayefanya haya yote kabla yako, tafuta meza nyingine.